Leseni ya Duka la Pombe: Jirani Naye Ana Neno



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia malaria, chanjo, lishe ya watoto na mengine ya namna hiyo. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya karatasi moja tu. Karatasi hiyo hutundikwa ukutani katika duka la pombe, nyuma ya muuzaji, nayo ni leseni. Huenda mtauliza: wauguzi na leseni za pombe, wapi na wapi? Tutawaeleza.

Jioni moja ya katikati ya juma tuliletewa hospitalini mvulana wa miaka 14, bado amevaa sare ya shule. Aliletwa kwa pikipiki, amekalishwa katikati ya watu wawili, kichwa kimelegea kifuani. Mwili ulikuwa wa baridi. Tulimwita jina, hakuitika. Tulimfinya, akaguna kidogo. Tulipopima sukari ya damu tuliikuta imeshuka sana. Tukamlaza ubavu, tukamwekea dripu yenye sukari, tukamfunika blanketi, na muuguzi mmoja akakaa naye usiku kucha akihesabu pumzi zake. Karibu na alfajiri alifumbua macho, akaomba maji.

Baadaye alisimulia yaliyotokea. Yeye na wenzake wawili walichanga pesa za chakula cha mchana, wakanunua chupa ndogo ya pombe kali katika duka lililo njiani watokapo shuleni. Wenzake walionja wakaona ni chungu. Yeye, kwa kuonyesha ushujaa, akamaliza karibu yote. Hakuna aliyewauliza umri wao. Mama yake, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alisema neno ambalo hatujalisahau: "Sote tulijua lile duka linauzia watoto."

Ni kweli, sote tulijua. Hata sisi wauguzi tulijua, maana huyo hakuwa mtoto wa kwanza kuletwa kwetu. Kesho yake vijana wa mtaa walitaka kwenda kulivunja duka, wazee wakawazuia. Ndipo tulipoanza kuuliza: leseni ya duka hili hutolewa na nani? Na ni nani anayeweza kuomba itazamwe upya?

Chupa ndogo, mzigo mkubwa

Kwanza tuelewe kilichomwangusha kijana huyu. Watu wengi hupima pombe kwa ukubwa wa chupa. Hapo ndipo wanapokosea.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye nguvu ya asilimia 40 ina mililita 100 za kilevi. Yaani kichupa kinachoingia mfukoni mwa kaptura ya shule ni sawa na chupa nne za bia. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 10 za kilevi kwa saa moja, na katika kichupa hicho mna gramu zipatazo 79. Kwa hiyo hata mtu mzima mwenye afya huhitaji saa nane kuimaliza. Kahawa, maji baridi au kutembezwa uwanjani haviliharakishi ini hata kidogo.

Kwa mtoto mambo ni mabaya zaidi. Mwili wake ni mdogo, na akiba yake ya sukari ni ndogo vilevile. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Mtoto aliyeshinda njaa, kama huyu aliyenunulia pombe pesa ya chakula, anaweza kuishiwa sukari akazimia, akapata degedege, hata akafa. Tena ubongo wa kijana huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na pombe huudhuru ungali mbichi.

Na hao watu wazima je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu zinazotokana na pombe. Wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliiweka pombe katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani tangu mwaka 1988. Kwa mama mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo duka la pombe si sawa na duka la sabuni. Linauza kitu halali, lakini ni kitu kinachohitaji ulinzi. Ndiyo sababu serikali ikaweka leseni.

Leseni ni nini hasa?

Wengi wetu hudhani leseni ni risiti: umelipa ada, basi umemaliza. La hasha. Leseni ni ruhusa yenye masharti. Mwenye duka anaahidi kutimiza masharti hayo, na serikali kwa niaba yetu sote inamruhusu kuuza.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 22 Novemba 2010. Watu huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ambaye ndiye aliyeipeleka bungeni. Sheria hiyo ilikataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Ilikataza pia kutoa leseni mpya kwa mahali palipo chini ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au mahali pengine wanaposomea watoto. Baa za kawaida ziliwekewa saa zake: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku. Duka linalouza chupa za kwenda nazo nyumbani lina leseni ya aina yake, na saa zake hufuata aina hiyo ya leseni.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Kwa hiyo siku hizi leseni haitoki Nairobi, bali hutolewa na kaunti, na kaunti hufanya kazi hiyo kwa kamati zilizo karibu na wananchi, katika kaunti ndogo. Ofisa wa afya ya umma hulikagua duka, na polisi nao huwa na la kusema.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: leseni haidumu milele. Ni ya miezi 12. Kila mwaka mwenye duka hana budi kuomba tena, na hapo ndipo mlango unapofunguka kwa jirani. Majina ya waombaji hutangazwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuweka pingamizi kwa maandishi na kueleza sababu zake. Tangazo huonyesha mahali na siku ya kikao. Kwa bahati mbaya matangazo hayo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi, yakanyeshewa mvua bila kusomwa na mtu. Tukiulizwa kwa nini duka fulani limepewa leseni tena, mara nyingi jibu ni fupi: hakuna aliyepinga.

Kupitia upya si kufunga

Watu wengi huogopa kusema kwa sababu hudhani kuna mambo mawili tu, ama duka libaki lilivyo, ama lifungwe na jirani afe njaa. Sivyo. Tutatoa mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa unalieleza jambo hili vizuri.

Katika Uingereza na Wales ipo Sheria ya Leseni ya mwaka 2003. Kwa sheria hiyo mtu yeyote anaweza kuiomba halmashauri ya mahali ipitie upya leseni ya duka wakati wowote, bila kungoja mwaka uishe, mradi sababu zake zihusu mambo manne: uhalifu na fujo, usalama wa watu, kero kwa majirani, au kuwakinga watoto na madhara. Tangazo hubandikwa dukani, na watu hupewa siku 28 za kuandika maoni. Halafu kamati hukaa, husikiliza pande zote mbili, na huwa na njia kadhaa mbele yake. Inaweza kubadili masharti ya leseni. Inaweza kumwondoa msimamizi wa mauzo. Inaweza kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu. Au inaweza kuifuta kabisa. Inaweza pia kuona hakuna haja ya kufanya lolote. Majirani zao wa Scotland waliongeza jambo la tano katika sheria yao ya mwaka 2005, nalo ni kulinda afya ya watu. Sisi wauguzi tulipenda sana hilo la tano.

Sheria yao si yetu, lakini somo ni lilelile. Kati ya kuliacha duka na kulifunga kuna nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo mtoto anaweza kulindwa na jirani akaendelea kupata riziki yake.

Jinsi tulivyofanya sisi

Leseni ya duka lile ilikuwa imebakiza miezi miwili. Watu wa jumuiya ndogondogo mbili, mwalimu mkuu na sisi wa hospitali tulikaa pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Tulianza kwa kutafuta ukweli. Mmoja alisema duka liko karibu mno na shule, chini ya mita 300. Tukachukua kamba ya mita 50 tukapima. Tulipata zaidi ya mita 400. Hoja ile ikaanguka, nasi tukaifuta. Afadhali iangukie mikononi mwenu kuliko iwaangukie mbele ya kamati. Kisha tukaandika yale tuliyoyaona kwa macho: tarehe, saa, nini kiliuzwa, nani alikuwa akiuza. Tuliacha kabisa maneno kama "inasemekana" na "watu wanalalamika."

Pili, tulikwenda kwa mwenye duka kabla ya kwenda kwa kamati. Huyu si adui. Ni mama tunayemfahamu, watoto wake watatu tuliwachanja sisi wenyewe. Tulimwambia, "Mama, hatukuja kukufungia duka. Tumekuja ili usiyasikie haya kwa watu." Alikasirika kwanza, kisha akalia. Alisema mkate na sukari havina faida, pombe ndiyo inayolipa karo. Akasema pia kwamba jioni humwachia duka mtoto wa ndugu yake ili akapike. Tulipouliza umri wa muuzaji huyo, alikuwa na miaka 16. Mtoto alikuwa akiwauzia watoto wenzake! Tusingalikwenda kwake, tusingalijua.

Tatu, tuliandika barua moja fupi, iliyotiwa sahihi na watu wazima waishio karibu na duka. Hospitali iliandika barua yake kando. Siri ya mgonjwa ni siri, kwa hiyo hatukutaja jina la mtoto yeyote. Tulitoa idadi tu ya watoto tuliowapokea wakiwa wamelewa. Mama wa yule mvulana alichagua kusema mwenyewe, kwa hiari yake.

Nne, hatukuomba tu "lifungwe." Tuliomba mambo manne: muuzaji awe mtu mzima saa zote, chupa za pombe zitengwe na peremende, mikate na madaftari, atakayetiliwa shaka aulizwe kitambulisho, na saa za kuuza zilizo katika leseni zifuatwe.

Siku ya kikao tulifika mapema. Mwenye duka alisema, sisi tukasema, mwalimu mkuu akasema. Mama wa mvulana alitumia dakika mbili tu, na chumba kizima kikanyamaza. Kamati haikulifuta duka, wala haikulipa leseni siku ile. Ilimwambia mwenye duka atengeneze kwanza yaliyotajwa, halafu akaguliwe tena. Ilipita karibu mwezi mmoja bila pombe kuuzwa pale. Alitengeneza, akakaguliwa, akapewa leseni ya mwaka.

Pombe ikikatika ghafla

Hapa kuna jambo ambalo hatukulifikiria, na tunaliandika ili ninyi mlifikirie mapema. Katika juma la kwanza duka lilipoacha kuuza, tuliletewa wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa anatetemeka mikono, jasho linamtoka, hajalala siku mbili, na anaona siafu ukutani ambao hawapo. Wa pili alianguka degedege njiani akielekea shambani. Watu wakasema wamerogwa. Hawakurogwa. Walikuwa wamekunywa kila siku kwa miaka mingi, na mwili uliozoea pombe ukaikosa ghafla.

Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla, kutetemeka huanza baada ya saa chache tu. Degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa vibaya katika siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo huweza kuua. Hospitalini zipo dawa za kumtuliza, pamoja na vitamini B1 ya kumlinda ubongo. Kwa hiyo msimfungie ndani mkisema "ataona cha mtema kuni." Mleteni hospitalini. Na anayetaka kuacha pombe baada ya kunywa kila siku, tunamsifu sana, ila aje tumsaidie kuacha kwa utaratibu.

Hatari ya pili ni kwamba duka la leseni likisimama, wengine hutafuta pombe ya kificho. Katika nchi yetu tumeomboleza mara nyingi kwa sababu ya pombe yenye methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi. Mwezi Mei 2014 walikufa makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Mwezi Februari 2024 walikufa zaidi ya watu kumi katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga. Methanoli haitambulikani kwa ladha wala kwa harufu. Mtu hulewa kama kawaida, akalala, na saa 12 hadi 24 baadaye ndipo huanza kuumwa tumbo, kutapika, kupumua kwa kasi na kuona ukungu machoni. Mwili umeigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Anayeona ukungu baada ya kunywa asingoje kukuche. Aje upesi, na walionywa naye waje hata kama wanajisikia wazima.

Kwa hiyo mkiomba leseni ipitiwe upya, mtazame pia wale waliokwisha kutekwa na pombe. Wajulisheni zahanati na hospitali mapema.

Ukimkuta mtu amelewa hajitambui

Akatateni maneno haya myaweke nyumbani:

1. Mwite, mfinye. Asipoamka, ni mgonjwa, si mlevi anayelala tu. Tafuta usafiri.

2. Mlaze ubavu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini, ili akitapika asipaliwe. Usimlaze chali.

3. Mfunike. Usimmwagie maji baridi, kwa kuwa pombe imekwisha kumpunguzia joto.

4. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa, kahawa au kitu chochote akiwa hajitambui.

5. Usimwache peke yake. Kilevi kilichomo tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya kuacha kunywa.

6. Akipumua polepole sana, au midomo ikiwa ya buluu, au akipata degedege, ni hatari ya dakika chache. Njoo naye mara moja, na uje na chupa aliyoinywea.

Sasa hali ikoje?

Duka lipo. Chupa ziko upande wake, nyuma ya wavu, na jioni mwenye duka huuza mwenyewe huku binti yake mkubwa akipika. Mapato yake yamepungua kidogo, naye hasiti kutuambia. Yeye na mama wa mvulana husalimiana kwa kifupi tu wakikutana njiani. Hatuwezi kusema kila kitu kimepona. Lakini tangu leseni ile ipitiwe upya, hatujaletewa tena mtoto aliyenunua pombe pale.

Yule mvulana yuko shuleni. Alipokuja kwa uchunguzi wa mwisho alituuliza kwa nini watu wazima hawakusema mapema, ikiwa walijua. Tulimwambia kwamba tulidhani si kazi yetu. Hatukuwa na jibu lingine.

Basi wapenzi wasomaji, tukutanapo katika jumuiya, tuulizane: maduka yetu yana leseni? Zinaisha lini? Tangazo la kikao limebandikwa wapi, na nani atakwenda kulisoma? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia kifua kikuu kwa watoto wadogo.